Mwaliko wa Juu ya Sanduku la Bati

Ukienda leo kwenye ile kambi ya likizo ya vijana viziwi, langoni utapewa karatasi nzuri yenye picha, na ndani yake imeandikwa kwamba kambi ilianzishwa "baada ya kutambua mahitaji ya vijana." Mahitaji gani! Kambi ile ilianzishwa kwa sababu mwanamke mmoja alipanda juu ya sanduku la bati akidhani ananong'ona. Mimi sipendi watu wanaopamba mambo yakishapita, kwa hiyo kaa chini nikueleze ilivyokuwa.

Mwanamke mwenyewe ni Fundi. Jina analo, lakini hata mama yake mzazi humwita Fundi, maana ameshona sare za nusu ya watoto wa mji ule. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, kioo cha kujitazamia, na vumbi la chaki kila mahali, hadi kwenye chai. Vyumba vya nyuma anaishi yeye na mama yake, ambaye wote wanamwita Bibi. Masikio ya Bibi yalikuwa yameshaanza kugoma miaka mingi, ila ole wako umwambie. Kwake yeye, watu wa siku hizi ndio wasiojua kusema wakasikika. Ng'ambo ya ukuta wa uani kuna banda la kaka yake Fundi, seremala, ambaye msumeno wake hauna siku ya mapumziko.

Halafu kuna Sindano. Binti wa pekee wa Fundi, miaka kumi na mitano, mwembamba, mrefu na mkali. Jina hilo alipewa na Bibi angali mchanga na hakulikosea. Sindano ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa anasoma shule ya bweni ya viziwi, mwendo wa nusu siku kwa basi, na nyumbani alikuja likizo tu.

Fundi anampenda binti yake mpaka basi. Hilo lishike vizuri, maana sasa nitamsema. Ishara alizozijua Fundi hazikuzidi thelathini. Alifundishwa siku moja ya wazazi, Sindano alipoanza shule, na toka siku ile hakuongeza hata moja. Kula. Oga. Lala. Vaa. Njoo. Acha. Harakisha. Amri tupu, ungedhani analea askari. Ishara moja ndiyo ilikuwa ya maana nyingine, na hiyo ndiyo aliyoitumia kuliko zote: baadaye. Wageni wakija, watu wakivunjika mbavu kwa kicheko, Sindano alimvuta mama yake mkono na kuuliza, "Nini?" Fundi alijibu, "Baadaye," huku akiendelea kucheka. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na haraka tu, na hiyo baadaye haikuwahi kufika.

Sasa mwaka ule, wiki mbili kabla ya shule kufungwa kwa likizo ndefu, ikaja barua.

"Mama, shikamoo. Likizo hii naomba nisije nyumbani. Nataka kwenda kwa kina Nyusi, rafiki yangu. Kwao baba, mama na kaka zake wote ni viziwi, na mezani wanaongea. Kwetu mimi natazama midomo ikifunguka na kufungwa mpaka chakula kinaisha. Matroni anataka saini yako kwenye fomu. Sijakasirika. Sindano."

Lile "sijakasirika" ndilo lililomchoma. Angekasirika, Fundi angejua pa kushika. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, kisha akaanza kufoka peke yake.

"Mimi! Mimi ninayemshonea hadi foronya! Kwetu kuna nini? Tunamng'ata?"

Akalia. Akafuta machozi kwa kitambaa kilichokuwa karibu, ambacho kumbe kilikuwa sketi ya mteja.

Bibi akatokeza kichwa mlangoni. "Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, mama. Sindano hataki kuja nyumbani."

"Hataki kula nini?"

"Kuja, mama! Kuja nyumbani! Anataka kwenda kwa rafiki yake!"

Bibi akafikiri kidogo. "Si umwite huyo rafiki aje hapa. Shida iko wapi?"

Fundi akatulia. Kweli, shida iko wapi? Akimleta Nyusi, Sindano atakuwa na mtu wa kuongea naye, na fomu haitakuwa na kazi. Palepale akampigia simu Matroni wa bweni, akamwomba amfundishe namna ya kusema: wewe, njoo kwetu, likizo, tule, tulale, tucheke. Matroni ni mtu mwenye subira, lakini na wewe jaribu kufundisha ishara kwa simu. "Mkono wa kulia, mama Sindano. Kiganja juu. Sasa uvute kuelekea kwako. Umeuvuta?" "Nimeuvuta." "Na ule wa kushoto?" "Wa kushoto si umeshika simu!"

Siku kumi Fundi alijifunza mbele ya kioo chake. Mteja mmoja alikuja kupunguza suruali, akamkuta anapunga mikono na kujichekesha mwenyewe kwenye kioo, akarudi alikotoka taratibu. Kaka yake alichungulia dirishani akauliza, "Dada, nyuki wameingia?"

Siku ya kufunga shule Fundi alichelewa, basi lilipata pancha njiani. Alipofika, uwanja ulikuwa umejaa masanduku, mabegi, wazazi, na wanafunzi wakiagana. Na viziwi wakiagana, dada yangu, usiwe na haraka ya kwenda popote. Wanaaga, wanakumbuka kitu, wanaanza upya. Ng'ambo kabisa, kwenye kibaraza cha bweni, Fundi akamwona Sindano. Pembeni yake alikuwa binti mfupi ambaye nyusi zake zilipanda na kushuka bila kupumzika, na hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani. Walikuwa wanabeba mabegi. Wanaondoka!

Kupenya umati ule kungemchukua robo saa. Kuita kwa sauti kungemsaidia nini? Fundi akatazama huku na huku, akaona sanduku kubwa la bati, akapiga moyo konde, akapanda juu yake na gauni lake la kutokea. Akapunga mikono yote miwili hadi Nyusi na Sindano wakageuka. Kisha, kwa ishara kubwa ili waone vizuri kutoka kule, akasema alichojifunza: Wewe. Njoo kwetu. Likizo. Tule. Tulale. Tucheke.

Hapa ndipo kosa lake lilipo, na ni kosa la mtu anayesikia, hakuna kiziwi anayeweza kulifanya. Maisha yake yote Fundi alijua kwamba usipotoa sauti, umenong'ona. Hakutoa hata mguno. Kwa hesabu yake, yalikuwa maneno ya siri kati yake na wasichana wawili wa ng'ambo. Hakujua kwamba mbele ya watu wanaosikiliza kwa macho, amepanda jukwaani akatangaza kwa kipaza sauti. Na kile kidole chake cha "wewe," toka umbali ule, kilikuwa kinaelekea kibaraza kizima.

Mikono yote uwanjani ikanyamaza. Kisha kibaraza kikalipuka. Mikono juu, viganja vinatikisika hewani, ndiyo makofi ya viziwi, vijana wanarukaruka, na kila mmoja anajigusa kifua: Mimi? Na mimi? Fundi akarudi nyuma hatua moja, kifuniko cha sanduku kikasalimu amri, naye akazama ndani hadi magotini, katikati ya nguo za mtoto wa watu.

Matroni akafika akihema. "Hongera, mama Sindano. Umealika bweni zima."

"Mungu wangu! Waambie si wao! Nimemwita yule mmoja tu!"

"Niwaambie?" Matroni akamtazama. "Sawa, nitawaambia. Lakini kwanza mtazame mwanao."

Fundi akatazama. Sindano alikuwa anakuja mbio kuvuka uwanja, watu wanampisha, na usoni ana kitu ambacho Fundi hakuwahi kukiona kikielekezwa kwake. Alikuwa anajivunia mama yake. Akasimama mbele ya sanduku, akauliza kwa mikono, polepole ili mama yake aelewe: "Kweli? Wote?"

Ungekuwa wewe ungesemaje? Fundi, miguu ikiwa ndani ya sanduku, akajibu, "Kweli."

Lakini Sindano si mtu wa kurubuniwa kirahisi. Akatoa fomu na kalamu mfukoni, akaandika pembeni: "Siku tatu. Basi la kwenda kwa kina Nyusi linaondoka siku ya tatu saa tisa alasiri. Kukiwa kama siku zote, naondoka naye. Weka saini, nitaitunza mwenyewe." Fundi akaweka saini. Aliiweka akiwa bado amezama sandukuni, ikatoka imepinda kama si yake.

Matroni akakesha na simu kuwatafuta wazazi. Hofu yake ilikuwa kwamba watakataa. Wapi! Mzazi mmoja alikubali kabla hajatajiwa mahali. Mwingine aliuliza kama hawezi kuleta na mdogo wake. Ukifikiri vizuri utaona lile nalo si jambo la kuchekesha, kwamba, ukimtoa Nyusi, mitoto mikubwa kumi ilikuwa haina nyumba ambako mtu angeona pengo lake. Lakini tuendelee.

Wakaja kumi na wawili, ukimhesabu Sindano. Matroni aliwaleta mwenyewe, akakagua, akasema atawafuata baada ya wiki, akaondoka akijizuia kucheka. Wavulana walipewa banda la seremala, lililokuwa na vitanda sita visivyo na chaga. "Wapigilie wenyewe," alisema kaka yake Fundi, akagawa nyundo. Baada ya saa moja alikuja kwa dada yake macho yakimng'aa. "Nimewasha msumeno, hakuna aliyelalamika! Hawa wageni umewapata wapi?" Wasichana walilala karakanani, kwenye marobota ya vitambaa, na asubuhi waliamka na chaki mashavuni.

Nyumba ikawa haikaliki. Mtu akitaka kumwita mwenzake anapiga mguu sakafuni, kwa hiyo siku nzima mikasi ilikuwa inacheza mezani. Mlango wa choo haukubishwa hodi, taa ndiyo iliwashwa na kuzimwa, wawashe wazime, mpaka kaka yake Fundi akatoka mle ndani na suruali mkononi akidhani nyaya zinaungua. Wateja walipokelewa na kijana mmoja mwenye pengo, ambaye wote walimwita Pengo. Aliwaigiza wateja namna walivyoingia, walivyotembea na walivyovuta tumbo ndani wakipimwa kiuno, na wateja wakacheka, wakarudi na ndugu zao waigizwe.

Aliyestarehe kuliko wote alikuwa Bibi. Aliwasimulia habari za ujana wake kwa sauti kubwa, bila ishara hata moja, mikono, macho na mabega yake yakisema mengine yote, nao wakamkodolea macho hadi mwisho. "Watoto wasikivu sana hawa," alimwambia Fundi. "Si kama nyie."

Na Fundi? Fundi alikuwa anakimbia. Anapika, anaosha, anashona, anahesabu vichwa. Kula! Oga! Lala! Vaa! Harakisha! Siku ya pili aligundua kwamba wameshampa jina, vidole viwili begani, pale askari wanapovaa vyeo. Akacheka, lakini si sana. Kila alipopita, mikono ilikuwa inaruka, watu wanaangua kicheko, na yeye hakuambulia kitu. Alibaki anatabasamu ovyo kama mtu anayepigwa picha.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuta mabegi mawili karibu na mlango. La Nyusi na la Sindano. Yamefungwa.

 Alipika chakula cha mchana kama mtu anayepika cha mwisho, akapakua kwenye meza ya kukatia, wakakaa wote kuizunguka, Bibi kwenye kona. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro. Pengo akasimama, akaanza kusimulia jambo. Kwa mikono, kwa mashavu, kwa makalio. Meza ikatetemeka. Nyusi alikuwa amelala begani kwa Sindano, hoi. Hata Bibi alikuwa anajifuta macho, sijui alielewa nini. Fundi akacheka kidogo ili asibaki nyuma, kisha akamgusa binti yake mkono.

"Nini?"

Sindano, machozi ya kicheko yakimtiririka, hakumtazama hata vizuri. "Baadaye," alimjibu, akamgeukia Pengo.

Fundi akabaki na kijiko chake.

Ishara hiyo aliijua. Kati ya zote thelathini, hiyo aliijua kuliko jina lake. Akaona mezani watu kumi na watatu, wote wako ndani, na yeye peke yake yuko nje akitazama kwa dirisha, nyumbani kwake, mbele ya chakula alichokipika mwenyewe. Hizo zilikuwa siku tatu. Sindano alikuwa amekaa hapo nje miaka kumi na mitano.

Ikamjia siku ya msiba wa baba yake Sindano. Mtoto ana miaka saba, nyumba imejaa watu wanalia, anatoka gauni hili anakwenda lile, anavuta, anauliza: nini? nini? Na yeye Fundi alimjibu baadaye. Mtoto alitambua kwamba baba yake hayupo siku ya tatu, alipokuta viatu vyake vimefungwa kwenye mfuko.

Fundi akaweka kijiko chini, akaenda kukaa nyuma ya cherehani, uso ukutani. Aliona aibu, na moyo ulimuuma kweli kweli.

Sakafu ikapigwa mguu. Hakugeuka. Ikapigwa tena. Sindano alikuwa amesimama nyuma yake, uso umejaa maswali.

Fundi hakuwa na maneno ya jambo lile. Alikuwa na thelathini tu na yale sita ya simu. Akayakusanya aliyoweza. "Mimi," alisema. "Wewe mdogo. Baadaye. Baadaye. Baadaye. Baba yako, baadaye." Akajipiga kifuani kwa ngumi. "Mimi vibaya." Halafu akasimama, akanyoosha kidole kwenye mabegi mlangoni, akatumia amri zake za siku zote: "Vaa viatu. Harakisha. Nenda."

 Mezani mikono yote ilikuwa imeshuka. Wote wameona, si unajua tena, pale hakuna kunong'ona.

Kisha Sindano akamshika mama yake mabega, akamkalisha kwenye kiti cha mbele ya kioo, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza. Akapanda juu ya sanduku ambalo halikuwepo. Akavuta gauni ambalo halikuwepo. Akapunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, akaalika dunia nzima, akatoa kifua kwa madaha, na palepale akazama hadi magotini, macho yametoka, akitafuta pa kushika kwenye nguo za ndani za mtoto wa watu. Hicho ndicho Pengo alichokuwa anasimulia. Akaieleza yote tangu mwanzo, polepole, akirudia kila mama yake alipopotea, pamoja na kile alichoongeza Nyusi na kile alichobishia Pengo, hakuacha hata kimoja. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu, analia huku anacheka, na safari hii alijua anacheka nini.

Alipoweza kupumua akatazama saa. Saa nane na nusu. Akamwonyesha Sindano mabegi tena. "Harakisha. Nenda."

Sindano akatikisa kichwa. Akainua mikono, akamjibu mama yake kwa lugha ambayo mama yake angeielewa bila shida.

"Acha," alisema. "Kaa. Kula."

Basi likaondoka na viti viwili vitupu. Jioni ile Sindano alitoa ile fomu mfukoni, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu nene ya wino, akaibandika ukutani kwa pini za mama yake: HAPA HAKUNA BAADAYE. Wakala kiapo wote mbele yake, na Bibi pia, ambaye alidhani wanamwombea Nyusi heri ya safari.

Mwaka uliofuata walikuja ishirini na saba, wa tatu ikabidi waazimwe majengo ya shule. Hivyo ndivyo kambi ilivyoanza. Hayo ya kutambua mahitaji utayasoma mwenyewe. Sindano ndiye mkuu wake siku hizi, na Fundi bado anapika, anaongea kwa mikono mpaka unamwomba apumzike. Akiwa katikati ya mazungumzo na mgeni anayesikia, wakicheka, kijana yeyote akija akamvuta gauni na kuuliza "Nini?", Fundi anamkatiza mgeni hapohapo, hata angekuwa waziri, anageuka, na kumweleza yule kijana yote tangu mwanzo.

Ile fomu iko kwenye ukumbi wa kulia, ndani ya fremu aliyoitengeneza seremala. Mimi niliomba niitazame upande uliogeukia ukuta. Saini ya Fundi bado ipo, imepinda vilevile, inamruhusu binti yake asirudi nyumbani.